Ndiyo ya Watu wa Chole

Jumatatu, 3 Februari 1913

Barza kesho kutwa! Bwana Shauri, yule Mdachi mwenye amri ya Mafia yote, anavuka kutoka Kilindoni, anakuja kututafutia jumbe. Siku arubaini zimetimia tangu Jumbe Mbaraka kufariki, Mungu amrehemu, na hitma yenyewe watu waliisoma huku wakinong'onezana. Nani atakaa mahali pake? Hakuna neno jingine Chole nzima. Kisimani, kwenye kahawa — hata msikitini, imamu hajamaliza kutoa salamu watu wameshageuka kuulizana.

Majina ni mawili tu. La kwanza ni mjomba wangu Shaibu, ndugu wa mama, mchoma chokaa. Mikono yake imejaa makovu ya tanuri na maneno yake ni machache, lakini hakuna nyumba ya mawe hapa isiyopakwa chokaa yake, na sijamsikia mtu akisema kagombana naye. La pili ni Muhsin bin Hamoud. Babu yake alitoka Maskati, yeye kazaliwa papa hapa. Minazi yake inaanzia pwani moja ya kisiwa inaishia pwani ya pili. Ana adabu, ana elimu, hangoji umsalimu wewe kwanza. Ila mwaka juzi aliifunga njia ya kisimani kwa kuwa inapita katikati ya shamba lake, na tangu siku hiyo wanawake wanazunguka mbali na mitungi kichwani. Wanawake hawajasahau. Waume zao hawaachwi wasahau.

Jipya ni hili: Bwana amesema safari hii watu wataulizwa wenyewe. Zamani tulikuwa tukiamka tu na kuambiwa, huyu ndiye jumbe wenu, mwamkieni. Sasa tutaulizwa! Na mimi Muhidini, karani wa boma, nitaandika. Nimetoa nibu mpya kwa ajili ya siku hiyo. Sijui kwa nini moyo unanienda mbio hivi, si mimi ninayetaka ujumbe.

Nimemwambia Biubwa. Mke wangu huyu mdomo wake haujui kupumzika. Kasema: wanaume wazima mnatoa kanzu za Idi mwende mkaulizwe neno ambalo Mdachi keshalijibu mwenyewe huko Kilindoni. Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Jumatano, 5 Februari

Naandika haraka, vidole bado vina wino wa kazi.

Asubuhi Bwana Shauri kanikemea kabla hata sijaketi. Barua yangu ya mwezi jana haikumpendeza. Eti natia maneno yangu mwenyewe, napamba. Leo, kasema, utaandika kilichoulizwa na kilichojibiwa. Neno kwa neno! Kanyooshea kidole daftari kama anamfundisha mbwa. Nikasema vyema, Bwana.

Barza ilikuwa mbele ya boma, ngazini. Boma lenyewe limebaki nusu: makasha yamepangwa ukumbini, milango miwili imeng'olewa, vyote vinahamia Kilindoni kwenye kina cha meli. Wenye nyumba walikuja arubaini na moja. Mjomba Shaibu aliketi nyuma kabisa, kanzu nyeupe, chokaa bado iko kwenye nyusi. Muhsin alisimama karibu na nguzo. Bwana akaanza kumsifu Muhsin. Anajua kusoma, anajua kuhesabu watu wake, nyumba yake safi, hatupi taka pwani. Akasema mengi. Kisha akawageukia watu, akafungua mikono, akauliza kwa sauti kubwa:

— Haya! Muhsin bin Hamoud. Hamumtaki?

Na wote kwa pamoja, kama walifundishwa:

— Ndiyo!

Wallahi kunguru walipaa. Matano jirani yangu, yule kiguu, alisimama kwa fimbo yake akarudia peke yake: ndiyo, Bwana, ndiyo! Watu wakacheka kwa raha. Na Bwana naye akacheka! Akasema vizuri sana, akaniamuru niandike jina la kila aliyejibu. Nimeyaandika yote arubaini na moja, Matano wa kwanza. Juu yake nikaandika neno kwa neno: Wakaulizwa, Muhsin bin Hamoud, hamumtaki? Wakajibu wote, ndiyo. Bwana akatia sahihi, akampa Muhsin mkono, akaondoka awahi kabla maji hayajakupwa. Jina la mjomba halikutajwa hata mara moja. Watu hawakujali. Walikuwa wawili, mmoja amekataliwa mchana kweupe, amebaki nani? Kwa mjomba kumechinjwa mbuzi.

Na mimi nimekula mbuzi huyo. Lakini nataka niandike hili: majibu yalipotoka, Muhsin aliinamisha uso akatazama viatu vyake. Kisha Bwana alipompa mkono, akauinua. Polepole. Kama mtu aliyesikia jambo ambalo hakulitarajia. Nilikuwa nakausha wino. Nikaona, nikaendelea kukausha wino.

Alhamisi, 6 Februari

Sina raha. Nimekwenda pwani, nimerudi, nimekwenda tena. Biubwa kauliza kama nimepoteza kitu.

Ni uji. Uji wa Tanga!

Nilipokuwa shule ya serikali Tanga, mwalimu wetu Mdachi alipenda kutugawia uji kwa mkono wake Jumapili. Siku ya kwanza kaja na upawa: Muhidini, hutaki uji? Nilikuwa nimeshiba mihogo. Nikajibu kwa adabu, ndiyo, mwalimu — yaani ndiyo, sitaki. Akanijazia bakuli. Jumapili ya pili, hutaki? Ndiyo. Bakuli! Mpaka mwenzangu mmoja wa Pangani akanifunua macho. Hawa, kasema, wakikuuliza hutaki, huko ndiko kukaribisha kwao. Ukisema ndiyo wanasikia nataka. Ukiwa hutaki useme hapana. Nilicheka siku nzima. Tangu hapo kila nikimjibu Mdachi napima mara mbili.

Watu wa Chole hawakula uji wa Tanga. Hamumtaki? Ndiyo, hatumtaki. Mtoto anayetambaa hapa angeelewa hivyo. Lakini Bwana Shauri alikuwa anakaribisha! Alimtoa Muhsin kama upawa. Akasikia: ndiyo, tunamtaka, sote, arubaini na moja.

Au sivyo. Labda alicheka kwa sababu jua lilikuwa kali na kazi imekwisha. Labda atamwuliza mtu. Na mimi kosa langu liko wapi? Kaniambia neno kwa neno. Neno kwa neno nimeandika. Hakuna karani pwani hii angeandika vingine.

Ijumaa, 14 Februari

Imekuja.

Askari kaleta barua kabla ya sala. Kaagizwa isomwe mbele ya msikiti, na msomaji ni nani? Mimi. Nimesimama na kofia yangu ya Ijumaa, nikasoma: kwa ridhaa ya watu wote wa Chole, ambao majina yao yako katika daftari, Muhsin bin Hamoud amewekwa kuwa jumbe. Neno ridhaa nililipita mbio.

Kisha Matano akasema soma tena. Nikasoma. Soma tena! Nikasoma mara ya tatu. Halafu ghasia. Mmoja anasema Muhsin kampelekea Bwana zawadi, mwingine anasema barua ni ya uongo, mwingine anasema Mdachi huyu hana masikio. Mzee mmoja alikaa chini kwenye ngazi na viatu vyake mkononi, anarudia tu, si tulisema? Si tulisema sote?

Wakanigeukia. Karani, wewe uliandika nini? Nikasema niliandika mlivyosema. Ni kweli! Naapa kwa hii Ijumaa ni kweli. Wakaniamini mara moja, na Matano kanipigapiga bega, kanipa pole kwa kufanyishwa kazi na watu wasio na haya.

Ningeweza kuwaambia pale pale. Maneno mawili tu, habari ya uji. Lakini wangeuliza: ulijua lini?

Jumapili, 16 Februari

Jumbe mpya ametoa amri yake ya kwanza: watu kumi wakabebe makasha ya boma kwa mashua mpaka Utende ng'ambo, na kutoka hapo kwa miguu hadi Kilindoni. Hakuenda mtu. Makasha yako pale pale, kuku wanatagia ndani.

Mjomba Shaibu, ambaye kwa mwezi hasemi maneno ishirini, jana kasimama tanurini na moshi wake, kasema: tuliulizwa mbele ya Bwana, tukajibu mbele ya Bwana, kwamba huyu hatumtaki, sasa tunamtii kwa lipi? Ni hayo tu. Akaendelea kupanga kuni. Lakini maneno hayo yamezunguka kisiwa mara mbili kabla ya alasiri, na kila yakizunguka yanarudi yamenenepa. Sasa eti kasema atachoma boma!

Naogopa. Tangu vita vya Maji Maji hapo ng'ambo Rufiji, Wadachi wakisikia mtu anakusanya wenzake hawaulizi mara ya pili.

Nimemwambia Biubwa. Nilikuwa sitaki, lakini kifua kilijaa. Nimemweleza uji wote, upawa, Pangani, bakuli. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika. Akaniuliza: kwa hiyo siku ile ulijua? Nikasema nilishuku. Akasema: sikukuuliza kushuku. Akachukua ungo akatoka nje kupepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Jumatano, 19 Februari

Maulidi. Yamesomwa baada ya alasiri uani kwa imamu, mikeka imejaa, ubani, watu wote wa kisiwa. Muhsin kaja. Kanzu yake imepigwa pasi, joho, kilemba. Kaketi mkekani — na mkeka mzima ukasogea. Hakuna aliyeondoka, la! Wamesogea tu, kila mtu kidogo, mpaka akawa na nafasi ya watu watatu kila upande. Mgawa marashi alipomfikia akasita, akanyunyiza mara moja badala ya tatu. Muhsin akapangusa uso na marashi yale machache kana kwamba yametosha. Nilimwonea haya. Nilijionea haya.

Baadaye kanifuata njiani. Shikamoo, nikamwambia, maana kwa umri ni baba yangu. Marahaba, Muhidini. Kisha kasema anataka nakala ya majina. Majina gani? Unayajua, ya waliosema ndiyo.

Nikazidisha mwendo. Naye akasimama akanitazama. Maneno yake yalikuwa haya, au karibu na haya:

— Bwana Shauri anadhani ile ni orodha ya wanaonipenda. Wewe na mimi tunajua ni orodha ya nini. Mama yangu kazikwa hapa. Kiswahili nimenyonyea hapa. Unadhani sikuisikia ndiyo yenu? Nimeisikia kuliko wote. Nataka tu kujua ni nani na nani.

Nikamwuliza, na ukishajua? Akasema hajui. Nimeona midomo inamtetemeka, na mtu huyu sijamwona akitetemeka hata siku mwanawe alipozama. Nikasema wino umekwisha, nitaandika ukija mwingine. Wino upo chupa mbili. Kajua nasema uongo, kaniaga kwa adabu.

Ijumaa, 21 Februari

Wamemchukua mjomba.

Askari wawili wamekuja saa ya kufungua tanuri, chokaa ikiwa bado ya moto. Hakubishana. Kawaomba wamwache anyunyizie maji kwanza isiharibike, wakamwacha, wakakaa kumngoja! Kisha kafungwa mikono, kapelekwa boma, chumba cha makasha. Kosa lake: kuchochea watu. Bwana Shauri kavuka leo na kasema waziwazi mbele yangu nikiwa nimeshika kalamu: watu wote hawa walimtaka Muhsin, sahihi yangu iko hapa, halafu mtu mmoja kawageuza katika siku kumi. Mtu wa namna hiyo hakai kisiwani. Jumatatu meli itapita Kilindoni, atakwenda Dar es Salaam kwa minyororo.

Nikaandika hayo pia! Neno kwa neno.

Mama kaja nyumbani hana hata buibui. Kaketi kizingitini. Ndugu yake mmoja tu aliyebaki. Kasema: mwanangu, wewe unakaa na huyu Mzungu kila siku, hakuna neno la kumwambia? Biubwa alikuwa jikoni. Nilisikia mwiko ukisimama ndani ya chungu. Nikamwambia mama, lipo. Nitalisema.

Jumamosi, 22 Februari

Bwana hayupo, tangu jana jioni kaenda kisiwa cha Juani kuwinda, atarudi kesho usiku. Laiti angekuwepo jioni ile nilipokuwa na moyo!

Hesabu yangu ni hii. Nikisema daftari linadanganya, nitaulizwa ulijua lini. Nikisema siku ile ile, basi nimemwacha Bwana atie sahihi upuuzi na kuusoma Kilindoni mbele ya wenzake. Viboko hamsa ishirini, hakuna punguzo, uwanjani, mbele ya watu hawa hawa. Kazi imekwisha. Na baada ya viboko, Chole itaniuliza lile lile. Ulijua lini, Muhidini?

Nikaona njia nyingine. Nikaenda kwa Muhsin. Nikamwambia, wewe ulikuwepo, ulisikia, sema wewe. Mtu mwenye jambo lake akilikana mwenyewe hapigwi. Kanikaribisha ukumbini, kanipa kahawa na halua. Akanywa yake yote kabla ya kujibu. Kasema Shaibu alimpakia nyumba hii chokaa, mwenyewe hakutaka kabisa afungwe minyororo, hajamchongea, waliopeleka maneno ni wengine. Namwamini. Kisha akasema:

— Lakini mimi nisimame mbele ya Mdachi, niseme, Bwana, umekosea, mimi sitakiwi? Kwa kinywa changu? Muhidini, nipe kazi nyingine yoyote.

Akaongeza kwamba ile orodha haitaki tena, nikae nayo. Na pale mlangoni, akiwa ameshika komeo, kasema kwa upole mkubwa uliokuwa mbaya kuliko matusi: aliyeandika ni wewe.

Jumapili, 23 Februari

Nafanya mazoezi. Bwana, nimekosa mimi. Bwana, kosa ni langu, watu walimkataa Muhsin. Bwana, zamani huko Tanga palikuwa na uji. Hili la uji nimelisema mara nyingi peke yangu nyuma ya nyumba mpaka halichekeshi tena.

Biubwa kanifulia kanzu. Hajasema neno la kunikera tangu jana, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Wakati wa kula kanijazia samaki upande wangu wa sinia. Kasema mgongo utapona, yeye atanikanda kwa mafuta ya nazi. Basi.

Nitasema. Nimekwisha kata shauri.

Jumatatu, 24 Februari

Niko kwenye benchi nje ya boma. Daftari hili liko magotini, watu watadhani ni kazi. Acha wadhani.

Nimefika mapema. Mashua ya kumpeleka mjomba Utende imeshasukumwa majini, mabaharia wawili wamekaa ukingoni wanatafuna tambuu. Watu wa Chole wamejaa uwanjani, hakuna anayepiga kelele. Matano kaja na fimbo yake kasimama mbele kabisa. Wanawake wako nyuma ya ukuta, nasikia bangili. Muhsin yuko pale pale kwenye nguzo yake.

Bwana Shauri kaniita ndani peke yangu. Kapata mafua huko Juani, pua nyekundu, hasira iko juu. Daftari limefunguliwa mezani, ukurasa wangu, mwandiko wangu mzuri — nimeuona nikauchukia. Nikavuta pumzi. Bwana, nimekosa mimi. Maneno yalikuwa pale kwenye meno! Nikafungua kinywa.

Kanyanyua mkono ninyamaze. Kasema watu hawa wanadai daftari lina uongo. Mtu wa mwisho atakayemwuliza ni mimi, kisha mashua iondoke. Akatia kidole kwenye ukurasa, akanikazia macho:

— Karani. Wewe hukukosea?

— Ndiyo, Bwana.

Lilinitoka hivyo! Kabla sijapima. Mimi, mtu wa upawa! Mimi ninayepima mara mbili!

Akanitazama sana. Sikuongeza neno. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza — muda wa kuhesabu mpaka ishirini, nimeuhesabu. Hata uji sikuutaja. Akachovya kalamu, akasema nikangoje nje. Nikatoka.

Sasa yuko ndani anaandika. Nasikia nibu inakwaruza. Anaandika nini? Mdachi akiuliza hukukosea akajibiwa ndiyo, kasikia nimekosea. Basi mjomba atafunguliwa, mimi nitalala uwanjani nipigwe, na haki imepatikana. Lakini miaka sita Mafia yuko, huenda naye kishajifunza ndiyo yetu. Huenda alijifunza wiki hii hii, kwa ajili ya fujo hizi. Basi kasikia sikukosea, na mashua inaondoka.

Na mimi nilijibu lipi? Niandike kweli, hapa hakuna anayesoma. Neno lilipotoka nilisikia raha. Ile raha ya mtu aliyeruka shimo. Aliyeungama hasikii raha ya namna hiyo. Nilijibu kama mtu wa Chole.

Mjomba wamemtoa. Kawekwa chini mchangani, hatua tatu kutoka benchi langu, askari anamshikia kamba anapiga miayo. Nimemwamkia. Marahaba, mwanangu. Kaniuliza habari za mama, na kama kuna mtu aliyeifunika chokaa. Nimesema imefunikwa. Kisha kainama kidogo, kwa sauti ya chini, bila kulaumu, kama anayeuliza bei ya samaki, kaniuliza:

— Hukumwambia?

Mle ndani kalamu imesimama. Kiti kimesogezwa. Matano amegeuza kichwa kuelekea mlango, na watu wote pamoja naye. Mjomba peke yake hatazami mlango, ananitazama mimi, anangoja jibu. Huyu ndiyo yangu ataielewa. Ndiyo maana sijamjibu.